Simu yako imebeba namba za watu wengine: uzi wa kuchagua programu zinazotunza faragha

Fundi Makumbusho (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya faragha ikiletwa jukwaani, ukurasa wa kwanza hauishi kabla mtu hajaandika "mimi sina cha kuficha, wachukue tu". Naomba leo tuanzie hapo hapo. Fungua orodha ya namba kwenye simu yako. Humo yumo mama mkwe, yumo daktari aliyekupa namba yake binafsi kwa kukuamini, yumo mwenye nyumba, na pengine yumo dada aliyekimbia mume anayempiga, akabadili laini, na wewe ni mmoja wa wachache waliopewa ile mpya. Hakuna hata mmoja aliyekuruhusu uigawe namba yake. Ukibonyeza "Ruhusu" kwenye programu usiyoijua, umewagawa wote kwa mkupuo. Wewe unaweza kuwa huna cha kuficha. Wao wanacho, na wamekikabidhi kwako.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta na simu za ofisi ndogo ndogo, kuanzia Posta mpaka Sinza. Ninachoandika hapa ni vitu ninavyowawekea wateja na vinavyofanya kazi kwenye Tecno, Infinix na Samsung za kawaida, kwa bando la kawaida. Sitamwambia mtu akanunue Pixel aweke GrapheneOS. Ni mfumo mzuri sana, lakini unakubali simu za Pixel tu, na wengi wetu hatuna.

Mfano mbaya kuliko yote hapa mjini ni programu za mikopo ya haraka. Unaipakua, kabla hujajaza hata jina inaomba kontakti, meseji, picha na mahali ulipo. Meseji wanazitaka kwa sababu humo ndimo zilimo taarifa zote za pesa za simu: umepokea kiasi gani, umetuma kwa nani, salio ni ngapi. Kontakti wanazitaka kwa siku utakayochelewa kulipa. Siku hiyo shangazi yako wa Tanga anapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli na yeye ndiye mdhamini wako, wakati hajawahi hata kusikia jina la hiyo kampuni. Google walipiga marufuku programu za mikopo kwenye Play Store kugusa kontakti na picha za mtumiaji, kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Ndiyo maana nyingine siku hizi zinakuja kwa linki ya WhatsApp, nje ya duka, ambako hakuna anayezikagua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Hapa mbadala si programu nyingine. Mbadala ni mkopeshaji mwenye leseni, au VICOBA yako.

Sasa kwenye kuchagua. Mtu akiniletea programu na kuniuliza "hii ni salama?", kwanza nataka kujua nani analipa mishahara ya walioitengeneza. Kama watumiaji hawalipi na hakuna wafadhili wanaojulikana, basi bidhaa inayouzwa ni taarifa za watumiaji. Kisha nataka kujua ufunguo anao nani. Kampuni nyingi zinajisifu kwamba taarifa zako zimefungwa, lakini ufunguo wanakaa nao wenyewe. Huo ni sawa na mlinzi wa geti mwenye funguo za vyumba vyote. Na mwisho naangalia kama msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi, watu wa nje waweze kuukagua, maana ahadi isiyokagulika ni maneno matupu.

Kwa kipimo hicho, upande wa mawasiliano mimi naweka Signal. Iko chini ya taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2018, na fedha za kuanzia, dola milioni 50, zilitoka kwa Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wawili wa WhatsApp, aliyeondoka Facebook mwaka 2017. Msimbo uko wazi. Ilishajaribiwa pia kwa vitendo: mwaka 2016 ilipokea amri ya mahakama kutoka Virginia, Marekani, ikidai taarifa za mtumiaji. Walichoweza kutoa kilikuwa siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Hawakuwa na kingine cha kutoa.

Tuwe wakweli kuhusu WhatsApp pia. Meseji zake zimefungwa toka simu hadi simu tangu 2016, tena kwa utaratibu ule ule uliobuniwa na watu wa Signal. Anayekwambia kwamba Meta, wenye WhatsApp, wanakaa wanasoma maongezi yako na mchumba wako hasemi kweli. Wanachokijua ni kile kinachozunguka meseji: unawasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi, uko kwenye vikundi gani, na orodha yako ya namba ikoje. Hayo tu yanatosha kumjua mtu. Anayeona unapigiana na mwanasheria wa talaka kila Jumatatu asubuhi hahitaji kusikia mnaongea nini.

Na kuna tundu ambalo wengi hawalijui: bakapu. Ile nakala ya maongezi inayokwenda Google Drive kila usiku haifungwi mpaka uwashe mwenyewe. Uwezo huo upo tangu Oktoba 2021. Ingia mipangilio, sehemu ya gumzo, kisha hifadhi ya gumzo, uwashe ulinzi wa mwisho hadi mwisho. Utaweka neno la siri au utapewa ufunguo wa tarakimu 64. Liandike kwenye daftari ukalitunze nyumbani, maana ukilipoteza hakuna wa kukurudishia. Asiyetaka kuhama WhatsApp, hili tu akilifanya leo amepiga hatua kubwa.

Telegram siiweki kwenye kundi hili hata kidogo, ingawa watu wanaihamia wakidhani ni ya siri. Maongezi yake ya kawaida na vikundi vyote havijafungwa toka simu hadi simu. Vinakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao kubwa, na ufunguo wanao wao. Kinachofungwa ni yale maongezi ya siri ya watu wawili, ambayo lazima uyaanzishe kwa makusudi, na watumiaji wengi hawajawahi kuyafungua.

Nitaendelea na brauza, barua pepe na ramani. Karibuni tujadili.

Mtoto wa Ilala

Mkuu umeshusha nondo. Ila nina swali. Nimeipakua Signal sasa hivi na kitu cha kwanza imeomba kontakti! Si ni yale yale?

Fundi Makumbusho

Swali zuri mno mkuu, na ningependa kila mtu awe na jicho hilo. Unaweza kuinyima na itafanya kazi. Utaandika namba ya mtu mwenyewe. Ukiiruhusu, inalinganisha namba zako ndani ya sehemu maalumu ya seva iliyofungwa kiasi kwamba hata wao hawaoni kilichomo, kisha orodha haihifadhiwi. Na tangu Februari 2024 unaweza kujitengenezea jina la mtumiaji ukampa mtu hilo badala ya namba, na ukaificha namba yako asiione. Kwa dada zetu wanaouza nguo na vipodozi mtandaoni hili ni jambo kubwa, maana namba yako haisambai kwa kila aliyeulizia bei.

Ila nisikufiche: kujisajili bado kunahitaji namba ya simu, na laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA. Signal inaficha mnachoongea. Haikufanyi uwe mtu asiyejulikana.

Fundi Simu Kkoo

Mimi niko Aggrey hapa natengeneza simu. Naona umeruka kitu ambacho ndicho wateja wanakitaka kila siku: GB WhatsApp. Hawataki WhatsApp ya kawaida. Wanataka kuficha kwamba wako hewani, wanataka laini mbili kwenye simu moja, wanataka kuona meseji zilizofutwa. Nikikataa kuwawekea wanakwenda duka la pili.

Fundi Makumbusho

Bosi, asante kwa kulileta, na wewe uko kwenye nafasi ya kusaidia watu wengi kuliko mimi.

GB si ya Meta. Ni WhatsApp iliyofumuliwa na watu wasiojulikana, wakaongeza vyao, ikasambazwa kwa linki na kwa kurushiana. Kila kinachoingia na kutoka kinapita kwenye msimbo ambao hakuna aliyeukagua. Yale yote niliyosema juu ya meseji kufungwa yanakufa hapo, kwa sababu meseji inafunguliwa ndani ya programu, na programu yenyewe ndiyo hatuijui. Halafu aliye nayo hajiumizi peke yake. Kila anayeongea naye, hata akiwa na WhatsApp halali, maneno yake yanasomekea ndani ya GB ya mwenzake.

Wape wateja habari hii: kuficha kuwa hewani kumeingia WhatsApp halali tangu Agosti 2022, na akaunti mbili kwenye simu moja ya Android tangu Oktoba 2023. Vile vilivyokuwa vinawapeleka GB vingi sasa viko humo humo. Kilichobaki ni kuona meseji iliyofutwa, na hapo mimi nasimama na aliyefuta.

Fundi Simu Kkoo

Hiyo ya akaunti mbili wengi hawaijui kabisa. Nitaanza kuwawashia hiyo kwanza kabla mtu hajataja GB.

Dada wa Kamati

Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, kikundi kina watu zaidi ya mia. Kila Jumapili narusha orodha: jina, namba ya simu, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Nikisoma uzi huu napata wasiwasi. Kuna kaka mmoja alianza kuwatumia meseji wadada wa kikundi mmoja mmoja.

Fundi Makumbusho

Dada, hiyo orodha ndiyo faragha yenyewe tunayoizungumza, kuliko mambo yote ya Marekani. Mchango wa mtu na deni lake anapaswa kuvijua yeye na mweka hazina. Kikundini tangaza jumla tu: ahadi zimefika kiasi gani, zilizolipwa ni kiasi gani. Anayedaiwa mkumbushe pembeni.

Kuhusu namba, kikundi cha kawaida kila aliyemo anaiona ya mwenzake. Kama matangazo ni ya upande mmoja, tengeneza orodha ya kutangazia, wapokee kila mmoja kivyake. Sharti wawe wameihifadhi namba yako. Vikao vya wajumbe wachache fanyeni Signal. Usihangaike kuwahamisha watu mia. Hawatahama, na utaishia kuendesha vikundi viwili vyenye habari tofauti.

Bodaboda Tegeta

Mnasema vizuri lakini mnasahau bando. Mimi natumia Opera Mini kwa sababu inabana. Hizo zenu za faragha zinakula.

Fundi Makumbusho

Kaka, wasiwasi wako ni wa haki. Lakini angalia Opera Mini inavyobana. Ikiwa kwenye kiwango cha juu kabisa, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unakwenda kwanza kwenye seva za Opera, unafunguliwa kule, unasagwa uwe mdogo, ndipo unaletewa. Maana yake seva yao imesimama katikati na inaona ulichofungua. Kusoma habari za Simba na Yanga hakuna neno. Kuingia benki, barua pepe, au kuuliza dalili za ugonjwa, hapana.

Jaribu Firefox ya simu, kisha uiongezee uBlock Origin. Chrome ya simu haikubali nyongeza, Firefox inakubali. Hiyo uBlock inazuia matangazo na vile vifuatiliaji vinavyokufuata tovuti hadi tovuti. Kwenye tovuti za habari zilizojaa matangazo na video zinazojiwasha zenyewe, sehemu kubwa ya bando inakwenda kwenye matangazo, siyo kwenye habari. Ukiyazuia unabana na unajilinda kwa pamoja. Mozilla wanaotengeneza Firefox wanalipwa sehemu kubwa ya mapato yao na Google, kwa kuiweka iwe injini ya kutafutia tangu mwanzo. Hilo halinifurahishi. Lakini injini unaweza kuibadilisha mwenyewe ukaweka DuckDuckGo, na brauza inabaki huria, yaani yenye msimbo ulio wazi.

Na ile hali fiche (incognito) ya Chrome, watu wanaikimbilia wakidhani hawaonekani. Inafuta historia kwenye simu yako tu. Aprili 2024 Google walikubali, katika kumaliza kesi huko Marekani, kufuta mabilioni ya kumbukumbu zilizokusanywa kwa watu waliokuwa wakivinjari humo wakiamini wako peke yao.

Bodaboda Tegeta

Nimekuelewa. Na ramani? Hiyo siwezi kuacha, ndiyo kazi.

Fundi Makumbusho

Hapo ndipo Dar tuna cha kujivunia, na nilikuwa nakisubiri kwa hamu.

Pakua Organic Maps. Unashusha ramani ya Tanzania mara moja kwa Wi-Fi, baada ya hapo inafanya kazi bila bando kabisa, haina matangazo, haina akaunti, haitunzi ulikopita. Ramani yake inatoka OpenStreetMap, ambayo inachorwa na watu wa kawaida duniani kote. Na Dar si ramani ya wageni hiyo. Tandale ilichorwa mwaka 2011, kisha 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walipita mtaa kwa mtaa kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora nyumba, njia, mitaro na madaraja, ili mvua kubwa zikija ijulikane maji yanapita wapi. Ndiyo maana ukiingia vichochoro vya Manzese au Tandale, vile visivyopitika na gari, mara nyingi unaviona humo vimechorwa mpaka kijinjia cha mguu. Abiria akikwambia "nishushe nyuma ya msikiti", unaiona njia.

Inachokosa ni foleni. Haijui kwamba Ubungo imesimama. Kwa hiyo ukitaka foleni fungua Google Maps, ukimaliza uinyime ruhusa ya mahali, au uweke "wakati wa kutumia tu". Sioni ubaya wa kuwa nazo mbili. Na ukiona njia haipo kwenye Organic Maps, iongeze. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, uchore, wenzako watakuja kuitumia.

Mwanasheria Mstaafu

Vijana, niongeze la sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, aseme anazikusanya kwa ajili gani, na asizitumie kwa lingine. Aliyekusanywa ana haki ya kujua kilichopo, kudai kisahihishwe au kifutwe, na kulalamika kwenye Tume. Watu wengi wananung'unika mitaani wakati mlango upo.

Fundi Makumbusho

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Hili nilikuwa nalihitaji kwenye uzi.

Mama Wawili Mbagala

Yamenikuta hayo ya mkopo. Nilishalipa lakini bado wanatumia watu wangu meseji. Programu nimeifuta. Kuifuta si inatosha?

Fundi Makumbusho

Pole sana dada yangu. Kuifuta kunazuia wasichukue vipya, lakini orodha waliyokwisha kuichukua iko kwao. Kwa hiyo fanya hivi, na usione aibu, aibu ni ya kwao. Waombe ndugu waliopokea zile meseji wakupigie picha ya kioo, namba iliyotuma na tarehe vionekane. Tunza muamala wa malipo. Kwa ushahidi huo lalamika Tume aliyoitaja mzee hapo juu, kwa kutumia taarifa zako na za watu ambao hawakuwahi kuridhia. Kama hawana leseni, waripoti na Benki Kuu. Kama kuna matusi na vitisho, nenda polisi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Halafu piga *106# uangalie kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Uliwapa na picha ya NIDA, kwa hiyo ni vizuri kuhakikisha.

Wengine wote, kabla hamjafuta programu kama hizo, ingieni kwanza mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa, muone nani ana kontakti na nani anasoma meseji. Kukuta tochi ina ruhusa ya kontakti ni jambo la kawaida kwenye simu ninazoletewa.

Mtoto wa Ilala

Na VPN je? Kila mtu ana VPN ya bure siku hizi.

Fundi Makumbusho

VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mtu mwingine, haiondoi macho, inayahamisha. Kampuni ya simu haioni unakokwenda, anaona mwenye VPN. Facebook walinunua Onavo mwaka 2013, ikawa inatolewa bure kama VPN ya kukulinda, kumbe ilikuwa inawaonyesha Facebook ni programu gani za washindani ambazo watu wanazitumia. Iliondolewa duka la Apple 2018, ikafungwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo VPN ya bure isiyojulikana mwenyewe ni nani, afadhali usiwe nayo. Yenye toleo la bure ambalo naweza kulitetea ni Proton VPN, kwa sababu walipaji wa toleo la kulipia ndio wanaolibeba. Na kumbukeni Oktoba 2023 TCRA waliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa kwao, kwa hiyo kila mtu ajue sheria inasemaje kabla hajaiwasha.

Msomi UDSM

Barua pepe hujaigusa. Gmail tunaitoka?

Fundi Makumbusho

Taratibu mkuu. Barua pepe mimi naiacha mwisho, kwa sababu kila akaunti uliyonayo imefungwa kwenye anwani ile. Ukiifuta Gmail leo, kesho unashindwa kuingia kwenye mfumo wa maombi ya kazi.

Fungua anwani ya pili Proton, ya Uswisi, au Tuta ya Ujerumani. Kwanza uzitumie kwa mambo mazito: hospitali, mwanasheria, benki. Barua ndani yake zinakaa zimefungwa na wao hawawezi kuzisoma. Lakini ukimwandikia mtu wa Gmail, nakala inakaa Gmail kwake. Na mwaka 2021 Proton walilazimishwa na sheria ya Uswisi kutoa anwani ya intaneti ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Yaliyomo kwenye barua zake hawakuyatoa, hawakuwa na ufunguo wake. Mimi kwa kisa kile nawaamini zaidi, ila kinaonyesha mpaka ulipo.

Chenye haraka kuliko barua pepe ni maneno ya siri. Kama neno lako ni moja kwa kila kitu, weka Bitwarden, inakutunzia neno tofauti kwa kila akaunti, ni huria na toleo la bure linatosha. Kisha namba za kuthibitisha uzipate kwenye Aegis, programu inayozitengeneza, siyo kwa meseji, pale tovuti inaporuhusu. Laini inaweza kurudishwa na tapeli kwa jina lako. Aegis iko ndani ya simu yako na haihitaji hata mtandao. Itengenezee bakapu yenye neno la siri.

Steshenari Mwenge

Naomba niseme na mimi, maana nina steshenari. Watu wanatutumia NIDA, vyeti, mikataba ya nyumba, vipimo vya hospitali. Tunaprinti, anaondoka. Faili linabaki. Wengine wanaingia WhatsApp yao kwenye kompyuta yetu na hawatoki. Asubuhi nikiwasha mashine meseji za mtu zinaingia mbele yangu.

Fundi Makumbusho

Ahsante kwa kusema wazi. Nimeshaona mashine ya steshenari ambayo folda ya vilivyopakuliwa inashuka tu: NIDA mbele na nyuma, hati za kiwanja, CV, cheti cha ndoa, kipimo cha mtu chenye jina kamili. Yeyote anayekaa kwenye kiti kile anavyo vyote.

Kwa mwenye steshenari: weka utaratibu wa kufuta mwisho wa siku, na kumwaga pipa la taka pia, na ubandike karatasi ukutani inayosema hivyo. Wateja watakupenda. LocalSend ni programu huria ya bure; mteja anarusha faili toka simu yake kwa Wi-Fi yenu bila kupita WhatsApp wala kuacha akaunti yake wazi. Ni mbadala mzuri pia kwa zile za kurushiana zilizojaa matangazo.

Kwa mteja: faili likishaprintiwa, omba lifutwe ukiwa umesimama pale. Ukiingia WhatsApp kwenye mashine ya watu, kabla hujaondoka fungua "Vifaa vilivyounganishwa" uitoe. Na kopi ya NIDA unayompa mtu, pigia kalamu juu yake, ipite kwenye picha: "Kwa ajili ya mkataba wa nyumba tu", na tarehe. Haitafaa kwa kitu kingine.

Katibu VICOBA Kigogo

La mwisho kwangu. Rejista ya wanachama wetu iko kwenye simu yangu na kikundi cha WhatsApp: majina, NIDA, hisa, mikopo, wadhamini. Kompyuta tunayo, ina Windows 10 na Office ya kuchakachua. Tufanyeje bila gharama?

Fundi Makumbusho

Katibu, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Office ya kuchakachua hujui iliingia na nini. Kama mashine ni ya zamani, Linux Mint, mfumo huria unaokaa badala ya Windows, inaiendesha vizuri bila kulipa. Hata ukibaki na Windows, ondoa ile Office uweke LibreOffice. Faili zako za Excel zitafunguka.

Rejista iwe faili moja la Calc, ile ya LibreOffice inayofanana na Excel. Wakati wa kuhifadhi, weka alama kwenye kisanduku cha neno la siri. Faili linafungwa kabisa, asiye na neno hafungui. Neno hilo mlijue wewe na mweka hazina, na liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana. Nakala iwe kwenye flashi, na flashi ikae ndani ya kisanduku chenu cha fedha chenye kufuli tatu, isasishwe kila kikao kisanduku kinapofunguliwa. Kikundini zibaki taarifa za vikao tu. Zile orodha za zamani zenye NIDA zifute, na uwaombe wanachama wafute kwao. Zinazobaki kwenye simu zao huwezi kuzifikia, kwa hiyo liseme kikaoni, muandike na kwenye muhtasari.

Ukikwama kwenye LibreOffice niandikie pembeni, nitakuelekeza.